Shaka, Dhana na Yakini: Taarikhi ya Kuutafuta Mpaka wa Jua

Mwanafunzi wa chuoni hufunzwa mapema kwamba kujua kuna daraja. Kuna shaka, pale pande mbili za jambo zinapolingana moyoni wala hakuna uliozidi. Kuna dhana, pale upande mmoja umezidi uzito lakini wa pili haujaondoka. Na kuna yakini, ambayo haina mshindani. Kinachompandisha mtu kutoka daraja moja hadi nyingine ni dalili. Sauti kubwa haimpandishi, wala wingi wa wasemaji.

Mambo haya tumezoea kuyataja katika hukumu za udhu, saumu na mirathi. Leo nataka tuyafuate katika habari iliyo mbali na misikiti yetu: habari ya wanazuoni wa maumbile waliotaka kujua himaya ya jua inakoma wapi. Hawakuweza kwenda wenyewe, wala hakuna darubini iliyowaonyesha mpaka huo kwa jicho. Mashahidi wao walikuwa chembe ndogo mno, zenye kasi kubwa, zinazozunguka pembezoni mwa himaya hiyo. Kazi ya kuwasikiliza mashahidi hao imechukua zaidi ya miaka 100, na ndani yake mna funzo la namna mtu anavyopaswa kusema anapojua, na namna ya kunyamaza anapokuwa hajajua.

Mvua isiyoonekana

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa elimu waliona jambo lililowasumbua. Kipima-umeme, hata kikifungwa barabara namna gani, kilikuwa kikipoteza umeme wake polepole, kana kwamba kuna kitu kinapenya kuta zake. Dhana ya wengi ilikuwa kwamba kitu hicho kinatoka ardhini, katika madini yenye kutoa mionzi. Kama ni hivyo, basi mtu akipanda juu kitapungua.

Mwaka 1910 padri mmoja, Theodor Wulf, alikipandisha kipimo chake juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris. Mionzi ilipungua, lakini kwa uchache kuliko alivyotazamia. Kijana wa Austria, Victor Hess, aliona kwamba mnara hautoshi kukata shauri. Mwaka 1912 alipanda angani kwa puto mara saba. Tarehe 17 Aprili alipanda wakati jua limepatwa. Mwezi ulilifunika jua, na mionzi haikupungua. Tarehe 7 Agosti alipanda zaidi ya mita 5,000, mahali ambapo pumzi huwa nzito kwa mtu, akakuta mionzi imezidi sana kuliko ya chini. Basi ikabainika kwamba kitu hicho kinatoka juu, na kwamba jua silo asili yake kubwa. Mwaka 1936 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Baadaye ilijulikana kwamba hiyo iliyoitwa miali ya anga kwa hakika ni chembe, nyingi zikiwa ni protoni, yaani kiini cha atomi ya haidrojeni, zikienda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Zinapogonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, na hizo hutushukia usiku na mchana. Katika kiganja cha mkono wako, ewe msomaji, hupita takriban moja kila sekunde, wala husikii kitu.

Upepo wa jua

Likaja swali la pili. Mwaka 1954 Mmarekani Scott Forbush, aliyekuwa amekusanya vipimo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba miali ya anga hupanda na kushuka kwa mwendo wa miaka kama 11, kinyume cha madoa ya jua. Madoa yakizidi, chembe zinazotufikia hupungua. Kama jua silo linalozileta, linazizuiaje?

Jawabu lilitoka kwa Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1958, akiwa bado kijana, aliandika kwamba jua halikai kimya, bali huvuma pande zote upepo wa chembe za umeme kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na upepo huo huburuta nguvu ya sumaku ya jua kwenda nayo mbali. Wakaguzi wawili waliopewa makala yake waliikataa. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuvutiwa na fikira ile, lakini alipozipitia hesabu hakukuta kosa. Akaichapisha. Huo, ndugu zangu, ni uadilifu wa hali ya juu: kumpa mtu haki yake katika hoja usiyoipenda. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kiliukuta upepo huo ukivuma siku baada ya siku, na dhana ya Parker ikawa yakini.

Sasa fikiri. Upepo unaovuma pande zote lazima mahali fulani ukutane na kitu cha kuuzuia, kwa kuwa baina ya nyota si patupu kabisa, bali mna gesi nyembamba na chembe za nyota nyingine. Wanahesabu wakaona mipaka miwili. Wa kwanza ni mahali upepo wa jua unapovunjika ghafla na kupoteza kasi, kama wimbi litokalo bahari kuu linavyovunjika juu ya mwamba. Baada ya hapo pana maji ya ndani, yaani upepo uliochoka na kuchafuka. Kisha uko mpaka wa mwisho, ambapo vitu vya jua vinakoma na vitu vya nyota nyingine vinaanza. Yote yaliyo ndani ya mpaka huo ndiyo himaya ya jua, nayo hutukinga na sehemu kubwa ya miali itokayo nje.

Lakini mpaka uko wapi? Wako waliodhani uko jirani na Mushtarii. Wengine walisema mbali zaidi mara kumi na zaidi. Kila chombo kilipofika mbele, mpaka nao ulionekana kusogea.

Chembe zilizozidi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vipimo viligundua jambo geni. Katika chembe zenye nguvu ya wastani, heli na oksijeni zilizidi kiasi chake, lakini kaboni haikuzidi. Mwaka 1974 Lennard Fisk na wenzake wawili walieleza sababu. Atomi kutoka baina ya nyota, zisizo na umeme, huingia himaya ya jua bila kizuizi, kama mgeni asiye na mzigo apitavyo forodhani. Zinapolikaribia jua hupokonywa elektroni, zikawa na umeme, upepo wa jua ukazichukua na kuzirudisha nje. Kaboni haiingii hivyo kwa wingi, kwa sababu huko nje imekwisha kuwa na umeme.

Nani basi anayezipa nguvu kubwa namna ile? Mwaka 1981 wataalamu wengine walisema kwamba ni pale penye mvunjiko wa upepo. Chembe hurushwa huku na huku juu ya mwamba ule, kila mara zikiongezewa kasi. Fikira hii ilikuwa na hesabu safi, nayo ikakubaliwa na wengi kwa zaidi ya miaka 20. Ilitazamiwa kwamba chombo kitakachofika mwambani kitazikuta chembe hizo zimefikia kilele chake palepale.

Vyombo vilivyotumwa

Wa kwanza kuelekea huko alikuwa Pioneer 10, aliyeondoka Machi 1972. Ndani yake mlikuwa na kipimo cha chembe cha James Van Allen. Kipimo hicho kiliendelea kufanya kazi hadi mwisho wa safari, na ishara ya mwisho ilisikika Januari 2003. Miaka 30 ilipita, na chombo hakikuwa kimeufikia mvunjiko. Van Allen alifariki mwaka 2006.

Mwaka 1977 viliondoka viwili vingine: Voyager 2 tarehe 20 Agosti, na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Kazi yao ya awali ilikuwa ni kuzitazama Mushtarii na Zohali, na Voyager 2 ikaongezewa Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989. Kila kimoja kilibeba vipimo viwili vya chembe. Kimoja kilikuwa cha zile zenye nguvu kubwa. Cha pili kilikuwa cha zile zenye nguvu ndogo zaidi, kilichosimamiwa na Stamatios Krimigis, mzaliwa wa kisiwa cha Chios huko Ugiriki. Kipimo cha Krimigis kilizungushwa na mota ndogo ili kitazame kila upande, na mota hiyo ilipiga hatua moja kila sekunde 192. Kabla ya safari ilijaribiwa hatua 500,000, kiasi cha kutosha kufika Zohali. Ile ya Voyager 2 ilikuja kupiga zaidi ya hatua milioni 8 kabla ya kuzimwa mwaka 2025.

Umeme wa vyombo hivi hutoka katika joto la plutoniamu, nao hupungua kama wati 4 kila mwaka. Redio yao hutangaza kwa nguvu ya wati 23 hivi, ndogo kuliko taa ya wati 40 ya barazani.

Ikhtilafu ya mwaka 2002

Sisi watu wa pwani tunaijua vizuri ikhtilafu ya mwezi mwandamo. Mmoja asema ameuona. Mwenziwe alitazama upeo uleule asiuone. Wote wawili ni wakweli wa nafsi zao, na mwenye kuhukumu hana budi kuuliza: ulikuwa wapi, ulikuwa wima au umelala, nani aliyekuwa nawe?

Jambo kama hilo liliwakuta watu wa Voyager. Katikati ya mwaka 2002, Voyager 1 ikiwa umbali wa mara 85 ya umbali baina ya jua na ardhi, chembe ziliongezeka ghafla, zikakaa hivyo kwa miezi kama sita, kisha zikapungua. Krimigis na wenzake walisema: chombo kimevuka mvunjiko wa upepo, kisha mvunjiko wenyewe ukasogea nje ukakipita. Frank McDonald wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake, walioshika kipimo kingine cha chombo hichohicho, walisema: hapana, hiki ni kivumo cha wimbi tu, mwamba wenyewe bado uko mbele. Kipimo cha kasi ya upepo, ambacho kingalikata shauri, kilikuwa kimeharibika katika Voyager 1 tangu mwaka 1980. Na waliopima sumaku hawakuona ikiongezeka kama ilivyotazamiwa.

Tazama walivyofanya. Mwezi Novemba 2003 makala zote mbili zilitolewa katika toleo moja la jarida la Nature, kila upande na hoja zake mbele ya wasomaji walewale. Hakuna aliyemtoa mwenziwe katika kundi la wataalamu. Wakakubali kungoja.

Jawabu lilikuja tarehe 16 Desemba 2004, kwa umbali wa mara 94, yaani kilomita bilioni 14. Saa ya kuvuka yenyewe hapakuwa na antena iliyokielekea chombo, kwa hiyo hakuna aliyeisikia. Lakini antena ziliposikiliza tena, nguvu ya sumaku ilikuwa imeruka juu na chembe zimebadilika, nazo hazikurudi hali yake ya kwanza. Upande wa McDonald ndio uliothibiti.

Mwamba usiokuwa na kilele

Hata hivyo, hapohapo likatokea jambo ambalo hakuna upande uliolitazamia. Zile chembe zilizozidi, ambazo kwa miaka 20 na zaidi zilisemwa kwamba hupewa nguvu mwambani, hazikuwa na kilele mwambani. Voyager 1 ilipovuka, ziliendelea kuongezeka kadiri ilivyokwenda mbele, kama kwamba chanzo chake kiko kwingine. Tarehe 30 Agosti 2007 Voyager 2 nayo ikaufikia mvunjiko, upande wa kusini, kwa umbali wa mara 84 tu. Ikauvuka zaidi ya mara moja katika siku chache, maana mwamba huo hupwa na kujaa. Kipimo chake cha upepo kilikuwa kizima. Kwenye chanzo cha chembe, jibu likawa lilelile: hapa sipo.

Ilibidi kitabu kifunguliwe upya. Mwaka 2006 David McComas na Nathan Schwadron walitoa rai kwamba chembe hupewa nguvu zaidi pembeni mwa himaya, mbali na pale mbele walipopitia vyombo. Wengine walitoa rai nyingine. Funzo hapa ni kwamba fikira inaweza kuwa na hesabu nzuri, ikapendwa, ikafundishwa kwa kizazi kizima, na bado ikawa dhana. Uzuri wa hoja hauipandishi kuwa yakini.

Mwaka mmoja wa kunyamaza

Mwaka 2012 Voyager 1 ilikaribia mpaka wa mwisho. Mwishoni mwa Julai chembe zilizozaliwa ndani ya himaya ya jua ziliporomoka ghafla, zikarudi. Katikati ya Agosti zikaporomoka, zikarudi tena. Tarehe 25 Agosti zikaporomoka zisirudi, na wakati uleule miali itokayo katika nyota nyingine ikapanda. Ilikuwa kama mtu anayevuka mlango wa mto kuingia baharini: maji ya mto yamekwisha, yote ni chumvi.

Kwa mwenye haraka, ushahidi ulitosha. Lakini palikuwa na dalili moja iliyopingana nao. Wote walitazamia kwamba ng'ambo ya mpaka nguvu ya sumaku itaelekea upande mwingine, na haikugeuka. Edward Stone, aliyekuwa mkuu wa wanasayansi wa safari hii tangu mwaka 1972, hakukubali kutangaza. Mwezi Desemba 2012 yeye na wenzake walisema tu kwamba chombo kimeingia eneo jipya, nao wanaliona bado liko ndani. Wapo wataalamu waliosema tayari kimetoka. Magazeti yalikuwa na njaa ya habari. Stone akashikilia kungoja.

Dalili ya kukata shauri ililetwa na jua lenyewe. Mwezi Machi 2012 lilikuwa limelipuka kwa nguvu, na mshindo wa mlipuko ule ulichukua zaidi ya mwaka kukifikia chombo. Aprili 2013 ulizitikisa elektroni zilizokizunguka, na kipimo cha mawimbi cha Donald Gurnett wa Iowa kikasikia mtikisiko huo. Kwa mlio wake waliweza kujua wingi wa elektroni: moja hivi katika kila sentimita 12 za ujazo. Hicho ni kitu kichache mno, lakini ni zaidi ya mara 40 ya wingi uliokuwa ndani ya mpaka. Basi chombo kilikuwa nje. Tarehe 12 Septemba 2013 likatangazwa: Voyager 1 iliuvuka mpaka wa himaya ya jua tarehe 25 Agosti 2012, umbali wa kama mara 121. Ile dhana ya kwamba sumaku lazima igeuke ndiyo iliyoanguka, na chembe ndizo zilizokuwa zimesema kweli tangu siku ya kwanza.

Je, ule mwaka wa kunyamaza ulipotea bure? Wako watakaosema hivyo. Mimi naona kinyume chake. Lau wangelitangaza Agosti, wangelikuwa wamesema kweli bila kuijua, na msemaji wa namna hiyo siku nyingine atasema uongo bila kuujua vilevile. Mwaka ule ndio ulioifanya kauli yao ya pili iwe ya kutegemewa.

Frank McDonald hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 31 Agosti 2012, siku sita baada ya chombo kuvuka. Makala aliyoandika pamoja na William Webber juu ya tukio la tarehe 25 ilitoka mwaka 2013, mwenyewe akiwa kaburini.

Amana inayorithiwa

Tarehe 5 Novemba 2018 Voyager 2 nayo iliuvuka mpaka, umbali wa mara 119. Safari hii kipimo cha upepo kilikuwa kizima, na kilionyesha upepo wa jua ukikoma siku ileile chembe zilipobadilika. Na huko nako sumaku haikugeuka kama ilivyodhaniwa zamani. Shahidi wa pili akamthibitisha wa kwanza.

Umeme ukipungua, vipimo huzimwa kimoja kimoja ili vilivyobaki viishi. Tarehe 25 Februari 2025 kilizimwa kipimo cha miali ya anga cha Voyager 1. Tarehe 24 Machi mwaka huohuo kikazimwa kile cha chembe cha Voyager 2. Gurnett alifariki mwaka 2022, mwaka ambao Parker naye alifariki, na Stone akafariki mwaka 2024. Tarehe 24 Septemba 2025 chombo kingine, IMAP, kilirushwa kutoka Florida chini ya uongozi wa McComas, ili kuipima himaya yote kutokea jirani na ardhi kwa kuzikamata atomi zinazorudi kutoka mpakani. Miongoni mwa maswali yake ni lilelile la chembe na nguvu zake.

Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Tangu Hess alipopanda puto hadi Voyager 1 ilipovuka mpaka ni miaka 100 kamili. Hakuna mmoja wao aliyeibeba kazi hii toka mwanzo hata mwisho. Kila mmoja aliipokea, akaitengeneza kidogo, akaikabidhi na dosari zake zikiwa zimeandikwa wazi, ili anayefuata asidanganyike. Hiyo ndiyo maana ya amana katika elimu. Vijana wetu wanaosoma leo, awe anayesoma fikihi au hesabu, udaktari au falaki, na waliangalie hili zaidi ya umbali wa vyombo. Umbali ni jambo la fedha na ufundi. Kusema "bado sijajua" huku watu wanakusubiri useme, hilo linataka malezi, na malezi huanzia nyumbani, mtoto anapoulizwa nani aliyevunja gudulia naye akajibu lile aliloliona kwa macho yake.